Kichwa Hiki Kinakwenda Wapi

Nilipokuwa na miaka ishirini nilimuunguza bi harusi kichwa kwa sababu ya makande. Nalisema mapema ili msomaji asije akafika katikati akidhani anasoma habari za mtu mwenye akili. Alhamisi moja pale Geita nilikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja: sufuria ya makande jikoni uani, na kichwa cha Kwandu ndani ya saluni, kimepakwa dawa ya kulainisha nywele. Nikasikia harufu ya maharage yanayotaka kushika chini. Nikakimbilia makande. Niliyakoroga, nikaongeza maji, nikaonja chumvi, nikaonja tena kwa kuwa mara ya kwanza sikuwa na uhakika, na niliporudi ndani bi harusi alikuwa amekamata mikono ya kiti, machozi yanamtiririka, ameuma midomo asije akaonekana mshamba. Makande hayakuungua. Yalikuwa mazuri sana. Hakuna aliyeyala.

Haya yote yalinirudia mwezi uliopita, Siwema, binti wa mama aliyenifundisha kazi ya saluni, aliponipigia simu kutoka Geita. "Dada Milembe, mama ametutoka. Tumemzika leo alasiri." Nilikuwa nimemshika mteja kichwa, nikakiachia, nikaenda kukaa kwenye kiti cha kusubiria kana kwamba na mimi nangoja zamu. Watu wa mtaa wangu hapa Shinyanga wanajua kwamba mimi si mtu wa safari. Saluni yangu ni sebule yangu, jiko liko hatua kumi na moja kutoka kwenye kiti cha mteja, na soko nalo likihamia barazani kwangu nitashukuru. Nikienda Mhunze kumsalimia wifi yangu, mume wangu husema narudi na hadithi kama za mtu aliyetoka Uchina. Lakini kesho yake alfajiri nilikuwa ndani ya basi, nina kanga mbili kwenye mkoba na mkasi wangu kati ya kanga hizo. Mkasi sikuwa na haja nao. Niliubeba kama wengine wanavyobeba miwani.

Ya kwetu nayaruka, hayana jipya: baba, mama, watoto saba, pamba. Niliingia Geita mwezi wa kwanza nikiwa na cheti cha kidato cha nne ambacho ni afadhali kikae kwenye bahasha, na shangazi aliyenipeleka kwa Mama Siwema alinitambulisha hivi: "Huyu hajui kazi yoyote ila kula. Lakini si mwizi." Mama Siwema alinitazama mikono, hakunitazama uso. "Anayependa kula anajua kusubiri kitu kiive," alisema. "Mwache hapa." Nimelifikiria neno hilo miaka yote hii, na nadhani ndiyo mara pekee aliyokosea kumsoma mtu.

Saluni ilikuwa vyumba viwili vya matofali ya kuchoma, kando ya njia inayopanda kwenye makarasha, zile mashine za kupondea mawe ya dhahabu. Mchana kutwa vikombe vilitetemeka kwenye rafu, na vumbi jeupe liliingia hata kwenye chupa ya shampuu. Chumba cha mbele kilikuwa na viti viwili, kioo kikubwa kilichopasuka kona, pipa la maji, beseni la kuoshea, na draya moja iliyovuma kama lori linalopanda mlima. Mtu akiwa chini ya draya hajisikii, kwa hiyo hunong'ona kwa sauti ya mnadani. Namkumbuka mama mmoja aliyemwinamia mwenzake, mkono umeziba mdomo kwa siri, akapiga kelele: "Duara la mume wangu limetema! Limetoa dhahabu! Lakini usimwambie mtu!" Kutoka nje, mlango wa jirani, sauti ikamjibu: "Hatumwambii!"

Chumba cha nyuma ndicho nilichokipenda, na pengine nilikipenda kupita kiasi. Kulikuwa na kitanda cha chuma nilicholala na maboksi ya mafuta ya nywele, na mlango wa kutokea uani kwenye jiko la mkaa. Asubuhi tulikunywa chai ya rangi na michembe, viazi vilivyokatwa vipande vikakaushwa juani, tunavichemsha na kuvipondea karanga. Wateja wa mapema walikula pamoja nasi, hata waliokuja wakisema wameshiba. Mama Siwema alikula amesimama, kikombe mkono mmoja, macho kwenye kichwa cha aliye mbele yake. Mimi nilikula nimeketi. Hiyo tofauti ilionekana baadaye.

Alikuwa mtu wa Tabora, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na hakumgusa mteja yeyote kabla ya kumuuliza maswali mawili: "Kichwa hiki kinatoka wapi? Na kinakwenda wapi?" Wiki ya kwanza nilidhani ni utani wa kwao. Kumbe ndiyo kazi yenyewe. Mkasi ulikuwa unafuata tu. Kinatoka wapi, yaani kimesukwa lini, kimefumuliwa lini, kimewekwa dawa gani na nani, mwenye nacho aliugua, alijifungua, alilala hospitali akimuuguza mtu. Kinakwenda wapi, yaani kitaonwa na nani, na kitafanya kazi gani kesho. Mwanamke wa kuponda mawe alijibu, "Kinarudi kwenye mawe, Mama," naye akasukwa mistari midogo iliyolala, inayokaa chini ya kilemba bila kuvuta, na ambayo vumbi lake linaoshwa kwa maji ya kikombe kimoja. Mwingine alisema, "Kinakwenda Mwanza kumtafuta mume wangu." Mama Siwema akamkata fupi, mtindo usiodai kioo wala kitana. "Ukimpata," akamwambia, "hutakuwa na muda wa kujitazama."

Alikata nywele zikiwa kavu, kwa sababu zikilowa zinadanganya urefu. Alianza mbele, hakuanza kisogoni kama walivyofanya wa saluni za barabara kuu. Alikata kidogo, akauweka mkasi kwenye mfuko wa aproni, akamchekesha mteja, akatazama nywele zinavyorudi mahali pake kichwa kinapotikisika, ndipo akautoa tena. Na rangi yoyote, iwe piko, iwe ya chupa, hakuikubali kabla haijatoka nje. Taa ya ndani, alisema, ni rafiki mno. Alimpeleka mteja uani kwenye jua, na mimi nyuma yao nimebeba kioo cha mkono, nageuka wanapogeuka. Kwa miezi saba cheo changu kilikuwa hicho: kinara cha kioo. Nilikuwa nimeanza kukichoka.

Ile sauti ya jirani ilikuwa ya Mama Bundala, muuza mkaa, Msukuma wa Kishapu aliyeketi mchana kutwa juu ya gunia mlangoni kwake, hatua tatu kutoka mlango wetu. Hakuwahi kulimeza neno. Mimi aliniita Msomi, kwa ajili ya ule mtihani wa kidato cha nne. "Msomi, hilo beseni umeliosha au umelibariki tu?" "Msomi, hiyo uliyomsuka mwenzio ni mistari au ni njia za ng'ombe?" Nilimchukia kwa adabu, shikamoo kila asubuhi.

Kwandu alikuja mwezi wa nane, mavuno yameisha na harusi zinafuatana. Alikuwa msichana wa Samuye aliyepika kwa mama lishe wa pale sokoni, umri wangu, mcheshi, anaolewa Jumamosi na fundi wa pampu za kuvutia maji kwenye mashimo. Mama Siwema alikuwa amekwenda kumwona mgonjwa, na maneno aliyoniachia yalikuwa machache: "Waoshe tu. Dawa nitaweka mimi nikirudi." Kwandu alisubiri, akatazama njia, akanitazama mimi. "Dada, kwani wewe huwezi?"

Nawaomba mnielewe. Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kama ninaweza kitu. "Naweza," nikasema.

Sikumuuliza kichwa kinatoka wapi. Ningemuuliza angeniambia kwamba alikuwa amefumua rasta asubuhi ile ile, baada ya miezi miwili, na kwamba alijikuna njia nzima kwa kucha. Kila mwanafunzi wa saluni anajua kichwa kilichofumuliwa leo hakiwekwi dawa leo. Kinaachwa wiki nzima kipumzike. Mimi niliona mba, nikaukwangua kwa kitana cha meno madogo kwa bidii ya mtu anayepaa samaki. Sikumpaka hata mafuta ya mgando ya kukinga ngozi. Kisha nikaweka dawa, nikaipanga vizuri kabisa, nikajipongeza. Kisha makande.

Nilipoanza kumwosha, nywele za nyuma ya masikio na za kisogoni zilinifuata mkononi kama manyoya ya kuku aliyemwagiwa maji ya moto. Pipa letu lilikuwa na maji ya ndoo mbili. Nilipiga ukelele, sijui nilimwita nani, na aliyeingia ni Mama Bundala. Alitazama kichwa, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema neno. Alitoka, akarudi na ndoo ya maji yake ya kunywa, akatoka tena, akarudi na nyingine. Alinimwagia mimi nikimshika Kwandu, ndoo baada ya ndoo, mpaka pipa lake lote likaisha, na kwa Geita ya siku zile hukumpa mtu pipa la maji bila kufikiri. Mama Siwema alitukuta hapo. Hakufoka. Alivua viatu, akainua mikono ya gauni, akachukua nafasi yangu, na alipomaliza akamfunga Kwandu kanga safi na kumpeleka zahanati. Muuguzi alimpa dawa ya kupaka, akasema vidonda si vikubwa, vitapona, ila kichwa kile kisiguswe na dawa, wala wigi, wala uzi wa kusukia, wala pini, kwa wiki kadhaa. Harusi ilikuwa keshokutwa.

Jioni nilikuwa nimeshafunga begi. Mama Siwema aliingia chumba cha nyuma, akakaa kitandani kwangu kati ya maboksi.

"Ulimuuliza kinatoka wapi?"

"Sikumuuliza, Mama."

"Na mimi nilipokuachia saluni, nilikuuliza kama unaijua dawa?"

"Hukuniuliza."

"Basi tumekosa wawili." Akalitazama begi. "Hilo nalo linakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Kesho mama yake anafika kutoka Samuye. Utamwambia wewe kwa mdomo wako. Ukishamwambia, begi litaamua."

Nimefundisha wasichana wengi tangu hapo, na wengine wameniharibia vichwa vya watu hata nikatamani kuhama mji. Kila mara ulimi wangu ukiwa umeshajaa matusi, huyasikia yale maneno mawili, tumekosa wawili, nikayameza matusi. Si kwa sababu mimi ni mpole. Ni kwa sababu naijua ladha ya kusamehewa kabla hujaomba, na ni nzuri kuliko makande.

Mama Kwandu alishuka Ijumaa asubuhi na mzigo wa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, kichwani na jogoo mwekundu kwapani. Nilimpokea mlangoni, nikapiga magoti, nikamwita mama kwa Kisukuma. "Shikamoo, mayu." "Marahaba, mwanangu. Bi harusi wangu yuko wapi?" Kwandu alitoka chumba cha nyuma, kanga ikamteleza. Jogoo akamponyoka mama yule. Aliketi chini sakafuni pale pale, akavuta kitenge akajifunika kichwa kama mtu aliyefika kwenye matanga, na kutoka ndani ya kitenge akauliza, "Nani amekufa?"

Maana kwetu kichwa cha mwanamke kilichopungua nywele kina habari moja tu. Wafiwa hunyolewa, mtu akikuona njiani hivyo anakupa pole kabla ya salamu. Bi harusi wa namna hiyo wakwe watasema wameletewa mfiwa, na wazee watataka kwanza kujua ni msiba wa nani, na umekwisha au haujaisha.

"Hakuna aliyekufa, mayu," nikasema. "Ni mimi. Nilimuunguza kwa dawa. Nilikwenda kukoroga makande."

Kitenge kilishuka taratibu. Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe hujafa," alisema. "Ungekuwa umekufa ningeelewa."

Nje mtu alicheka, na sote tulimjua ni nani. Lakini Mama Kwandu hakuwa anatania. Alisema harusi haitakuwepo. Isogezwe mpaka nywele zirudi. Yeye hatamwingiza mwanawe kanisani kama anayetoka kuzika. Kwandu akaanza kulia, si kwa ajili ya kichwa sasa. Upande wa bwana harusi walikuwa wameshafika kutoka Kahama, mbuzi wameshachinjwa, na ukiisogeza harusi, alisema, watu watatafuta sababu wenyewe, na watakayoipata haitakuwa dawa ya nywele. "Mayu, watasema nina mimba ya mtu mwingine. Watasema nina ugonjwa." Mama Siwema aliwaacha waseme mpaka wakachoka. Kisha akavuta kiti, akampapasa Kwandu bega, akamwuliza kwa sauti ile ile aliyowauliza wateja wote:

"Kichwa hiki kinakwenda wapi?"

"Unajua, Mama."

"Nakuuliza wewe."

"Kinakwenda harusini."

"Basi hakiwezi kwenda kama kimetoka msibani. Milembe, shika kioo."

Alimkata mbele ya mama yake. Sijaona tena mkono uliotembea vile. Pale palipoungua, kisogoni na nyuma ya masikio, alipunguza kwa ncha ya mkasi bila kuigusa ngozi, mpaka vile vipara vikapotea ndani ya ufupi wa jirani zake. Utosini na mbele, ambako dawa yangu ilikuwa haijafika sana, aliziacha nywele zisimame, akazipandisha kutoka upande mmoja kama kilima. Alikuwa akikata kidogo na kumwuliza Kwandu kuhusu bwana harusi, anakoroma au hakoromi, anakula pilipili au hali, na Kwandu akacheka akiwa bado analia, na kilima kikatikisika na kurudi mahali pake. Shingo yake ilitokea. Sikujua ana shingo vile. Mama Kwandu alizunguka kiti mara mbili. "Ni nzuri," alisema, na machozi yakamjaa. "Ni nzuri, lakini bado amenyolewa."

Mama Siwema alikuwa ameshanituma hina kwenye duka la Wahindi. Kwa kawaida aliichanganya na ndimu. Siku ile ndimu aliiacha kwa sababu ya vidonda, akatumia majani ya chai yaliyochemka mpaka yakawa meusi. Akaipaka kwa mswaki wa zamani, unywele kwa unywele, akiacha upana wa kidole kati ya hina na ngozi, na pembeni palipoungua hakuipaka kabisa. Mimi nilikaa chini ya kiti nimeshika bakuli, kwa saa tatu, na wala sikusikia njaa. Nayasema haya kama ushahidi wa jinsi mambo yalivyokuwa mazito.

Alipoziosha na kuzikausha, ndani mle nywele zilikuwa nyeusi kama mwanzo. Mama Kwandu akashusha pumzi ya kukata tamaa. "Twende uani," akasema Mama Siwema. Jua la saa saba lilikuwa juu yetu. Kwandu alipovuka kizingiti kile kilima kiliwaka: wekundu wa shaba, wa chungu kilichotoka motoni, unapotea akiinama na kurudi akiinua uso. Niliinua kioo, naye akajiona.  Aligeuza shingo huku, akageuza huku.

"Mfiwa hapaki rangi," Mama Siwema alimwambia mama yake kwa upole. "Kila atakayemwona atajua kwamba huyu alikaa akapambwa."

Mama Kwandu alimkaribia mwanawe, akaigusa ile rangi kwa kidole, akakitazama kidole, akamtazama yule jogoo aliyekuwa akiparua chini ya kamba ya nguo. "Amefanana na jogoo wangu," alisema.

"Jogoo atachinjwa, huyu ataolewa," Mama Bundala akasema kutoka upande wa pili wa ua. "Msije mkawachanganya."

Hapo ndipo Mama Kwandu alipocheka, na akicheka alikuwa na pengo kubwa la mbele kama la mtoto. Alimshika Mama Siwema mikono yote miwili iliyojaa hina. "Wabeja," alimshukuru kwa Kisukuma. "Wabeja, wabeja." Mimi hakunishika. Lakini aliponipita alinipa tobolwa moja, mkononi, bila kunitazama, nami nilikula nikilia kule nyuma ya choo.

Siku ya harusi nililazimishwa kwenda. Niliketi benchi la mwisho ili niwe karibu na mlango. Kwandu aliingia jua likiwa nyuma yake, bila shela, na mzee mmoja wa upande wa Kahama akamwinamia mkewe: "Huyu msichana amefiwa?" Mkewe hata hakugeuka. "Mfiwa gani anang'aa hivyo? Tazama mbele." Sijawahi kusikia mahubiri yaliyonifaa kuliko hayo. Niliporudi saluni nikakuta begi langu limelazwa pembeni, juu yake Mama Siwema amepanga chupa kumi na mbili za shampuu. "Limeamua," akasema, na hakulitaja tena. Dawa hakuniruhusu kuigusa mpaka mwaka ulipokaribia kwisha. Kazi yangu ilikuwa kuosha vichwa na kuuliza yale maswali mawili, kisha kumweleza majibu, na nikieleza vibaya ananirudisha nikaulize upya. Niliwasikiliza watu kuliko nilivyowahi kusikiliza darasani. Mwezi wa kumi na mbili nikarudi Shinyanga kwa sababu nilikuwa nimekumbuka nyumbani, na nyumbani ndiko niliko mpaka leo.

Kwa hiyo mwezi uliopita nilishuka Geita siku ya pili ya msiba, vumbi lile lile, vishindo vile vile vya makarasha. Siwema alinipokea, tukalia, nikapewa chai. Mlangoni kwa jirani palikuwa na kiti cha plastiki, na juu yake bibi kikongwe, macho yamefunikwa na ukungu. "Shikamoo, Mama Bundala." Aliinua kichwa. "Marahaba. Ni Msomi huyo? Njoo nikushike." Akanishika mkono, akaupanda mpaka begani. "Umenenepa."

Kwandu alikuwa uani na wanawake wengine wakichambua mchele. Mnene sasa, bibi wa wajukuu, nywele ndefu zimesukwa nne kubwa, na kwenye ncha zake ule wekundu. Kila mwaka alikuwa akija kwa Mama Siwema kupaka hina, alinieleza. Mayu wake alishatangulia, na tangu hapo alipokuja kupaka alilala hapa. Kisha akaweka ungo chini, akasema mbele ya wote, "Milembe, ninyoe."

Wanawake wa nyumba wakatazamana. Shangazi mmoja kutoka Tabora akasema kwa upole, "Mama, kwetu hatunyoi."

"Kwenu hamnyoi, bibi. Kwetu tunanyoa. Yule alikuwa mama yangu wa pili, na kichwa ni changu."

Siwema akafuta macho. "Mwacheni. Mama hakuwahi kukataa kichwa cha mtu."

Tukaweka kigoda palepale jua lilipomwakia siku ile. Kwanza nilimfumua, nikamkata kwa mkasi wangu, kisha nikachukua wembe mpya. Nyuma ya sikio la kushoto kidole changu kilikutana na kipara kidogo, laini, upana wa kifungo cha shati. Upande wa pili kingine. Miaka yote hiyo nywele zake zilikuwa zimevifunika, naye hakuwahi kumwonyesha mtu wala kuniandama kwa neno. Nikauweka wembe kando. Nikakumbuka sijauliza.

"Kwandu, kichwa hiki kinatoka wapi?"

 "Kinatoka mikononi kwake."

"Na kinakwenda wapi?"

"Kinamsindikiza."

Nikanyoa. Nilianza mbele, kama nilivyofundishwa, nikazunguka polepole, nikavipita vile vipara kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Jikoni kulikuwa na kitu kinachochemka na harufu yake ilinifikia, nami sikugeuza hata jicho. Nilipomaliza nikampaka mafuta, nikampangusa shingo kwa kanga yangu, na kile kichwa kikang'aa chote kwenye jua bila rangi yoyote. Mama Bundala alikuwa ameletwa na kiti chake mpaka uani. Alinyoosha mkono, Kwandu akamwinamia, na yule bibi akakipitisha kiganja kuanzia paji la uso, utosini, nyuma ya masikio, mpaka kisogoni, bila haraka, kama anayekagua gunia kabla ya kulilipia.

"Haya, Msomi," akasema. "Leo angalau umemaliza kichwa chote."